Macalder: Mji wa Dhahabu Baada ya Kampuni Kuondoka

Kusini-magharibi mwa Kenya, kati ya mji wa Migori na ufuo wa Ziwa Victoria, kuna mji mdogo uitwao Macalder, ambao ndio makao makuu ya kaunti ndogo ya Nyatike. Kwa mpita njia, mji huu haupishani sana na vituo vingine vya biashara vya Nyanza Kusini, kwani una maduka ya mabati, wanabodaboda wanaosubiri abiria, soko na ofisi chache za serikali. Tofauti yake imo katika historia, kwa kuwa ulizaliwa na mgodi, mgodi huo ukafungwa mwaka 1966, na hata hivyo watu hawakuacha kuchimba. Miji mingi ya dhahabu duniani, kama Bodie katika jimbo la California nchini Marekani, iligeuka mahame mara kampuni zilipoondoka. Macalder haukugeuka mahame, na sababu ni kwamba mbio za dhahabu hazikukoma hapo bali zilihama kutoka mikono ya kampuni hadi mikono ya majirani wa mgodi, ambao wengi wao ni wenye mashamba yenyewe.

Miamba na kilichomo ndani yake

Dhahabu ya eneo hili imo katika miamba ambayo wanajiolojia huiita ukanda wa mawe ya kijani wa Migori. Jina hilo linatokana na rangi ya kijani kibichi iliyofifia ya mawe ya volkeno ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo yalibanwa na kuchomwa na joto la ardhini mpaka madini yake yakabadilika. Ukanda huo unaanzia pande za Lolgorien katika Kaunti ya Narok, unapita Kuria na Suna, kisha unaishia Nyatike karibu na ziwa. Miamba ya jamii hiyo hiyo inaonekana tena ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Mara nchini Tanzania, ambako mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mjiolojia Mwingereza Robert Shackleton ndiye aliyeueleza ukanda wa Migori kwa kina katika ripoti ya idara ya madini ya Kenya iliyochapishwa mwaka 1946.

Katika sehemu nyingi za ukanda huu, dhahabu hupatikana ndani ya mishipa ya kwatzi, yaani mistari ya jiwe jeupe na gumu iliyojaza nyufa za mwamba wa kale. Mshipa unaweza kuwa mwembamba kuliko kiganja, ukapotea ghafla na kujitokeza tena hatua kadhaa mbele, jambo ambalo huifanya kazi ya kuufuata kuwa ya kubahatisha. Pale Macalder hali ilikuwa tofauti, kwa sababu mwamba wake ulibeba shaba, zinki, fedha na dhahabu kwa pamoja, zikiwa katika madini ya salfaidi, yaani metali zilizoungana na salfa. Sehemu ya juu ya mwamba huo ilikuwa imeoza kwa mvua na hewa kwa muda mrefu, ikageuka udongo mwekundu kama kutu ulioachiwa dhahabu iliyo rahisi kuitoa. Hii ndiyo sababu wachimbaji wa kwanza walifuata dhahabu ya juu, na shaba iliyokuwa chini ikasubiri mtaji mkubwa zaidi.

Mbio za miaka ya 1930

Utafutaji wa dhahabu magharibi mwa Kenya ulishika kasi kutokana na misukosuko iliyotokea mbali na Nyanza. Mdororo mkuu wa uchumi uliporomosha bei za mahindi na kahawa, na walowezi wengi Wazungu wakalemewa na madeni. Kisha Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga paundi yake na thamani ya dhahabu, na bei ya dhahabu kwa paundi ikapanda. Mwaka huohuo dhahabu ilipatikana karibu na Kakamega, na walowezi waliokuwa wamefilisika wakafurika huko wakiwa na makarai na mahema. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei rasmi ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35, na msako ukaenea katika wilaya nyingine za Nyanza, ikiwemo wilaya ya South Kavirondo, ambayo baadaye iliitwa South Nyanza na kusimamiwa kwanza kutoka Kisii kisha kutoka Homa Bay.

Suala lililozua ubishi mkubwa lilikuwa ardhi. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao haitachukuliwa bila mabaraza yao kushauriwa na bila wao kupewa ardhi nyingine badala yake. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka mitatu, kwani Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliirekebisha sheria ili ardhi yenye madini iweze kutengwa bila masharti hayo mawili, na mwenye shamba afidiwe kwa pesa tu. Marekebisho hayo yalipingwa na wakazi, na pia na wamishenari kama Arkidikoni Walter Owen wa Kavirondo, lakini yalipita. Ingawa yalilenga Kakamega, maana yake ilihisiwa katika kila wilaya yenye mwamba wa dhahabu, kwa kuwa mkulima aliruhusiwa kumiliki udongo wa kupandia mtama, wakati kilichokuwa chini ya udongo huo kilipewa mwenye leseni. Mwafrika aliingia mgodini kama kibarua wa kuchimba, kusukuma mikokoteni na kuponda mawe, na alipokutwa na dhahabu mkononi alihesabiwa kuwa mwizi.

Kutoka dhahabu hadi shaba

Macalder ndio mgodi wa Migori uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote. Baada ya dhahabu ya juu kupungua, kampuni ya Macalder-Nyanza Mines iligeukia shaba, ikisaidiwa na mtaji wa shirika la maendeleo ya makoloni ambalo Uingereza iliunda mwaka 1948 ili kuongeza malighafi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Uzalishaji wa shaba ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea hadi 1966, na dhahabu na fedha zikawa mazao ya ziada. Katika miaka hiyo mgodi ulikuwa mwajiri mkubwa katika eneo ambalo halikuwa na kiwanda kingine cha maana, na mji ukapata nyumba za wafanyakazi, umeme wa mtambo wa kampuni na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mgodi ulipofungwa, vyote hivyo viliondoka na kampuni. Kilichobaki ni mashimo, kuta za zege na malundo ya mabaki, yaani mchanga wa mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa sehemu ya madini yake. Mabaki hayo yalikuwa na dhahabu ambayo mitambo ya zamani haikuweza kuikamata, na ndiyo yaliyowavuta wakazi wa jirani, hasa Waluo wa Kadem, kuanza kuchekecha kwa makarai. Wengine waliowahi kuajiriwa mgodini walijua mshipa ulikoelekea, na ujuzi huo ukapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Tangu hapo uchimbaji mdogo umepanuka hadi Osiri, Mikei, Masara, Kitere na sehemu za Kuria, ukipanda kila bei ya dunia inapopanda. Bei ya wakia ilipovuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza mwaka 2020, na dola 4,000 Oktoba 2025, hata jiwe lililokuwa likitupwa zamani kwa kukosa thamani likawa na faida.

Kazi na mgawanyo wake

Shimo la wachimbaji wadogo kwa kawaida huanza kwa makubaliano ya mdomo kati ya mwenye shamba, mfadhili anayetoa chakula, kamba, taa na pampu ya maji, na kikundi cha vijana wanaoshuka chini. Mawe yakitoka hugawanywa kwa magunia, kila upande ukichukua fungu lake, na ndiyo maana mchimbaji anaweza kufanya kazi miezi kadhaa bila kushika shilingi na siku moja akapata zaidi ya mshahara wa mwaka. Juu ya ardhi kazi hubadilisha mikono. Wanawake, ambao katika mashimo mengi hukatazwa kushuka kwa imani kwamba hedhi huifukuza dhahabu, huketi kando ya malundo wakigonga mawe kwa nyundo mpaka yawe kokoto, na hulipwa kwa kipimo cha chombo walichojaza. Kokoto hupelekwa kwenye kinu cha injini, husagwa kuwa unga, kisha unga huo hupitishwa na maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia au zulia. Dhahabu, iliyo nzito kwa zaidi ya mara 19 kuliko maji, hunasa katika nyuzi huku mchanga mwepesi ukisombwa.

Kilichonasa hukung'utwa ndani ya karai na kuchanganywa na zebaki, ile metali ya majimaji inayoshikana na dhahabu na kuacha mchanga. Mchanganyiko huo hukamuliwa katika kitambaa, ukabaki kidonge cha rangi ya fedha ambacho huchomwa juu ya moto mpaka zebaki igeuke mvuke na dhahabu ibaki. Njia hii ni rahisi, lakini hutoa aghalabu chini ya nusu ya dhahabu iliyomo, na mchanga unaobaki hununuliwa na wenye matangi ya sianidi, yaani kemikali inayoyeyusha dhahabu, ambao huvuna kile ambacho mchimbaji alikiacha bila kujua. Dhahabu iliyopatikana huuzwa kwa mabroka wenye mizani ndogo, na kipimo chao ni pointi, ambayo ni sehemu ya kumi ya gramu.

Tabia ya mji na gharama zake

Mfumo huu wa kazi ndio unaoupa mji tabia yake. Mapato huja kwa mshtuko na huondoka kwa kasi, kwa hiyo biashara zinazostawi ni zile za matumizi ya siku moja, kama vibanda vya chakula, baa, vyumba vya kulala, simu na bodaboda. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Waluo, Wakuria, Wasuba, Wakisii na Watanzania wanaovuka mpaka wa Isebania, na Kiswahili kinakuwa lugha ya mashimo hata pale ambapo Dholuo ni lugha ya nyumbani. Dhahabu pia imefungamana na riziki nyingine za eneo. Samaki wanapopungua Karungu au katika mialo ya Homa Bay, vijana wa mitumbwi huelekea machimboni, na mvua zinapojaza mashimo maji, wengine hurudi ziwani, katika mashamba ya tumbaku au ya miwa inayouzwa kwa kiwanda cha sukari cha Sony kilichoko Awendo.

Mzunguko huo wa watu na pesa una gharama ya kiafya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 19.6 katika Kaunti ya Homa Bay na asilimia 13 Migori, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Machimbo peke yake hayaelezi tofauti hiyo, lakini wataalamu wa afya huyataja, pamoja na mialo ya samaki, miongoni mwa mahali ambapo wanaume wasio na makao ya kudumu wana pesa za ghafla. Zebaki nayo hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya watoto, na ile inayomwagika hutiririka hadi Mto Migori, kisha Kuja, mpaka ziwani, ambako inaweza kuingia katika samaki. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2013. Hatari ya mara kwa mara zaidi, hata hivyo, ni kuporomoka kwa mashimo, kwa sababu miti ya kuegemeza kuta hugharimu pesa, na anayechimba kwa fungu la magunia huona kila siku ya kujenga kuwa siku isiyo na mawe.

Sheria mpya na pengo lililobaki

Kwa miaka 76 uchimbaji nchini uliongozwa na sheria ya mwaka 1940, iliyoandikwa kwa ajili ya kampuni na wenye leseni. Katiba ya 2010 iliyaweka madini yote katika ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 ikamtambua mchimbaji mdogo kwa mara ya kwanza, ikaunda kamati za kaunti za kushughulikia vibali vyake na kugawa mrabaha, yaani malipo ambayo serikali hutoza juu ya madini yanayochimbwa, kwa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la mgodi.

Mgawo huo, hata hivyo, huhesabiwa kutokana na dhahabu iliyoandikwa vitabuni, na pointi zinazouzwa kwa broka usiku wa siku ya malipo haziandikwi popote. Matokeo yake ni kwamba eneo linalotoa dhahabu haliwezi kudai asilimia yake ya barabara, ya zahanati wala ya mbao za kuegemeza mashimo. Sheria ya 1932 ilimweka mwanakijiji nje ya dhahabu ya shamba lake, na ile ya 2016 imemfungulia mlango, lakini atafaidi kuingia kwake pale tu atakapokuwa na kibali kinachopatikana bila safari nyingi, mnunuzi anayetoa stakabadhi na bei isiyomlazimu kukimbilia gizani. Mambo hayo yakikosekana, bei za dhahabu za soko la London zitaendelea kuamua ni lini Macalder uchangamke na ni lini ulale, kama zilivyoamua tangu miaka ya 1930.