Nakala ya Akiba Inaposhindikana

Mkulima wa Iramba au Mkalama, mkoani Singida, hali mtama wote aliovuna. Sehemu huitenga iwe mbegu, akaiweka mbali na kihenge cha chakula, ili moto au wadudu wakiingia upande mmoja, upande wa pili usalimike. Kanuni hiyohiyo huzihusu kompyuta zinazotunza kumbukumbu nyingi na kuzitafuta kwa haraka.

Programu ya Elasticsearch, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, ni mfano mmojawapo. Huendeshwa na kompyuta kadhaa kwa pamoja. Faharasa, yaani orodha inayoonyesha kila neno limo katika hati zipi, hugawanywa vipande, na kila kompyuta hupewa vipande vyake. Kwa kawaida kila kipande cha asili huwa na pacha katika kompyuta nyingine. Pacha huyo husaidia kompyuta moja inapozimika, lakini si akiba: hati ikifutwa kwa makosa, hufutwa kwa pacha pia. Kwa hiyo hutakiwa nakala ya akiba, ambayo ni picha ya faharasa kama ilivyokuwa saa fulani, ikiwekwa katika hifadhi ya pembeni.

Kwa nini kazi ya kunakili hushindikana? Chukulia shule ya sekondari yenye kompyuta tatu, A, B na C, zinazotunza faharasa ya maktaba. Diski ya akiba imeunganishwa na A na B tu. Amri itolewapo, kila kompyuta hunakili yenyewe vipande vinavyohusika vilivyomo ndani yake. Kwa kuwa C haiioni diski ile, ama itashindwa, ama itaandika katika folda yenye jina lilelile ndani ya diski yake yenyewe. Basi jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba hifadhi inaonekana kwa njia ileile kutoka kompyuta zote.

Jambo la pili ni ruhusa. Katika mfumo wa Linux, mwenye faili hutambuliwa kwa namba, si kwa jina. Ikiwa programu inatumia namba 1000 katika A na 1001 katika C, basi C yaweza kukataliwa hata kama majina yanafanana.

La tatu ni upungufu wa vipande. Kipande cha asili kikikosekana wakati wa kunakili, nakala haikamiliki. Hapo hifadhi haina kosa. Kompyuta iliyougua ndiyo itibiwe kwanza.

La nne ni umbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na huduma ya intaneti Tanzania ikadorora. Aliye na hifadhi ng'ambo pekee hana budi kutarajia siku kama hiyo, naye yampasa awe na nyingine ya karibu.

Uchunguzi hufuata utaratibu wa maabara. Ujumbe wa kosa usomwe wote. Kisha itolewe amri ya kuthibitisha hifadhi, ambayo huifanya kila kompyuta iandike faili dogo la majaribio. Baadaye kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Faili za hifadhini zisifutwe kwa mkono kamwe: nakala mpya huongeza yaliyobadilika tu na hutegemea faili za zamani, hivyo kufuta moja huweza kuharibu nakala nyingi.

Funzo kubwa lilipatikana tarehe 31 Januari 2017. Katika kampuni ya GitLab, mhandisi alifuta hifadhidata kuu kwa makosa. Ilipotafutwa akiba, ikagundulika kwamba unakili wa kila siku ulikuwa ukishindwa kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana, na barua za kuarifu kosa zilikuwa zikikataliwa. Kilichookoa kazi ni picha iliyopigwa saa sita hivi kabla ya ajali. Yaliyoingizwa baada yake yalipotea.

Mbegu hujulikana kuwa nzima inapoota. Vivyo hivyo, nakala ya akiba huaminika pale tu inaporejeshwa kwa majaribio katika kompyuta nyingine, ikafunguka, na hati zake zikahesabiwa na kukutwa kamili.