Samaki Niliyemrudisha Ziwani

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu. Nadhani wahenga hao hawakupata kumvua maskelunji. Huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, samaki huyu mrefu mwenye meno mithili ya msumeno husemwa kuwa ni wa marusho elfu kumi. Mvuvi huurusha mshipi kutwa nzima, na akibahatika kumnasa, sheria humtaka amrudishe majini iwapo hajatimiza inchi 54, yaani sentimita 137.

Nilijaaliwa kulizuru ziwa la Mille Lacs mwezi wa Julai 2016, nikiwa mgeni wa mwalimu mstaafu aliyefundisha historia. Ziwa hilo lina eneo la zaidi ya kilomita mraba 500, lakini kina chake hakizidi mita 13 hivi. Kwa sababu hiyo upepo mdogo tu hulichafua. Mwenyeji wangu aliyafurahia mawimbi hayo. Alinieleza kuwa samaki aitwaye woleyi ana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, hivyo huona vyema penye kiza na hulitumia giza kuwawinda wenziwe wasioona. Maji yakichafuka au jua likitua, ndipo atokapo kutafuta riziki.

Jua lilikuwa likizama ndoana yangu iliponaswa. Baada ya mvutano nilimpakia chomboni woleyi wa rangi ya dhahabu, mnene wa kutosha chajio cha watu wawili. Nikaanza kuwaza mafuta na chumvi. Mzee akanyoosha mkono, akamtoa ndoana taratibu, akaniambia, "Mrudishe, mwanangu."

Nilitazama huku na huko. Hapakuwa na askari wala mashua nyingine karibu. Nani angejua?

Mzee aliyasoma mawazo yangu. Alinikumbusha kuwa mwaka huo wavuvi wa mishipi hawakuruhusiwa kuondoka na woleyi hata mmoja, kwani idadi yao ilikuwa imepungua mno. Mwaka uliotangulia uvuvi wao ulisimamishwa mapema mwezi wa Agosti. Woleyi waliendelea kuanguliwa, ila wengi hawakufikia utu uzima. Juu ya hayo, kome wageni wenye milia, waliogunduliwa ziwani mwaka 2005, walikuwa wameyachuja maji yakawa maangavu, ilhali woleyi huupenda uvuguvugu wa kiza.

Kisha akaungama jambo. Mwaka 1837 Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliitoa ardhi yao kwa mkataba, lakini wakabakiza haki ya kuwinda na kuvua. Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha haki hiyo mwaka 1999, kwa kura tano dhidi ya nne. "Nilikuwa miongoni mwa walionung'unika," alisema. "Miaka mingi niliufundisha mkataba ule darasani, na wanafunzi wangu wakapasi mtihani. Uliponigusa sahani yangu, nikataka uvunjwe."

Sikuwa na la kujibu. Niliinama, nikamshika samaki majini hadi alipopata nguvu, akapiga mkia na kutoweka.

Msomaji mpendwa, huenda ukauliza yatuhusu nini ya Minnesota. Yatuhusu sana. Kwetu nako uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria husimamishwa kwa miezi kadhaa ili wazaane, na nyavu zenye matundu madogo kupita kiasi zimepigwa marufuku. Mwanafunzi yeyote anaweza kuzikariri sababu zake. Lakini somo halijaeleweka mpaka limgharimu aliyelisoma.

Walimu wenzangu, tunaposahihisha karatasi, tunapima yaliyokaririwa. Mtihani wenyewe huja jioni, mtu akiwa na njaa, samaki yu mkononi na hakuna anayemwona. Mimi niliupita kwa sababu mzee alikuwa kando yangu. Lau ningekuwa peke yangu, sijui.