Majani ya Lupango: Mashine Gani, na Yakishakatwa Yaende Wapi?

Mvua ikirudi mwezi wa Septemba, mtu wa Kasongo ao Kabambare hana haja ya kuambiwa: majani yanapanda usiku, na juma likipita lupango limekuwa pori. Wengi wanauliza kama inafaa kununua mashine.

Kwanza angalia majani yako. Mashine ya kusukuma kwa mikono ni ya zamani, Mwingereza Edwin Budding aliibuni mwaka 1830. Hailazimu esanse, lakini inataka majani mafupi na kiwanja kilichosawazishwa. Ile ya moteri inaweza majani marefu zaidi, ila ncha ya kisu chake inapita kilomita 200 kwa saa, na jiwe dogo likiguswa linatoka kama risasi. Udongo wa kwetu una kokoto nyingi! Kwa matete, usijidanganye: chukua kupekupe. Tena, kabla ya kulipa, uliza buji na kisu vya kubadilisha vitatoka wapi.

Kabla ya kuwasha, okota mawe, chupa na nyaya. Vaa bote, suruali ndefu na miwani ya kazi. Watoto wabaki ndani ya nyumba. Majani yakikwama chini ya mashine, zima moteri, ondoa waya wa buji, ngoja kisu kisimame, ndipo utumie kijiti. Mkono, hapana. Wala usitie esanse moteri ikiwa ingali na moto.

Majani mafupi yaache palepale, yataoza na kurudishia udongo nguvu. Marefu yatandaze chini ya migomba, mbali kidogo na shina. Usiyarundike kando ya ukuta: panya wanaingia, na nyoka anawafuata. Kuyachoma karibu na nyumba wakati wa kiangazi ni kutafuta msiba.

Nyoka akimuuma mwenzako, usichanje, usifyonze, usikaze kamba. Jiwe jeusi halitoi sumu. Funga mguu kwenye kijiti usitikisike, mumbebe upesi mpaka hospitali.

Neno moja tena. Wengine wanafyeka wakifikiri wamemaliza malaria. Mbu wa malaria anazaliwa ndani ya maji. Basi ukishamaliza kufyeka, fukia mashimo mlimofyatulia matofali, na usiku ulale ndani ya chandarua.