Boriti Zilizovaa Kioo

Je, wajua kuwa boti ya faiba inaweza kuoza? Faiba yenyewe haiozi: ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, na kuvu haili kioo. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake.

Ukiinama ndani ya jahazi utaona mkuku na mataruma kwa macho. Boti nyingi ndogo za faiba, hasa za miaka ya 1960 hadi 1980, huficha mifupa yake. Ganda lake ni jembamba, la milimita chache tu, na likiachwa peke yake hunesa kila likipigwa na wimbi. Kwa hiyo chini ya sakafu hulazwa boriti za plaiwudi au mbao, kutoka omo hadi tezi, kisha hufunikwa kwa tabaka za faiba zilizogandamana na ganda. Injini ya ndani nayo hufungwa bolti juu ya boriti hizo hizo.

Balaa huanzia kwenye bolti. Kila tundu lisilozibwa ni mlango wa maji, na faiba iliyowekwa kuyazuia yasiingie sasa huyazuia yasitoke. Tena maji ya mvua ni mabaya kuliko ya bahari, maana chumvi huidhoofisha kuvu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi huanza na nyundo. Boriti nzima hulia kavu, ko! Iliyooza hutoa sauti butu, kama papai bivu. Akitaka uhakika hutoboa kwa keekee: ukitoka unga mkavu, salama, ukitoka ujiuji wa kahawia, kazi ipo.

Kosa kubwa ni kung'oa boriti zote kwa mpigo. Ganda lisilo na mifupa hupinda, na boriti mpya zikishagandishwa hapo, kupinda huko ni kwa kudumu. Ndiyo maana boti huegemezwa sawasawa kwanza, vipimo vya kitanda cha injini vikaandikwa, ndipo boriti zikabadilishwa moja moja.

Boriti mpya haikandamizwi moja kwa moja kwenye ganda, kwa kuwa ukingo wake mgumu ungelipasua taratibu. Huachwa upenyo mdogo wa kujazwa sponji ngumu au lipu ya resini. Pembeni hutiwa lipu iliyoviringwa kama mfereji, kwani faiba haipendi kona kali. Kisha huja vitambaa vya faiba, kila kimoja kipana kuliko kilichotangulia. Mafundi wengi huchagua epoksi, kwa sababu hushika faiba ya zamani vizuri kuliko resini ya poliesta.

Kwenye boriti nyingi za aina hii, ubao si mbebaji mkuu wa mzigo. Hushikilia umbo tu. Nguvu imo katika kioo kilichosimama wima juu yake. Ukiongeza kimo cha boriti mara mbili, ugumu wake wa kutopinda huongezeka mara 8. Ndiyo maana wajenzi wengine huweka povu gumu mahali pa ubao, na boti ikabaki imara.

Mwisho fundi hurudi kwenye tundu la bolti. Hulitoboa pana kupita kiasi, akalijaza epoksi, ikakauka, kisha akatoboa tena katikati. Safari hii bolti hupita ndani ya epoksi tupu, isiuguse ubao.