Usukani Utikisikapo

Wasikilizaji, pikapu itokayo Kigongo kwenda Busisi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2025 yaweza kuanza kutikisa usukani mikononi mwa dereva. Asikimbilie kununua vyuma vipya. Kwanza asimame atazame magurudumu: nati zilizolegea, jambo la hatari kubwa, tairi lililovimba ubavu, hata tope lililoganda ndani ya rimu, nalo watu hulidharau mno.

Kisha ainue gurudumu la mbele kwa jeki, akiisha kuyazuia ya nyuma kwa mawe. Alishike juu na chini, alitikise: likicheza, beringi au boljointi imelika. Alishike kushoto na kulia: likicheza huko tu, kosa li katika ncha za tairodi. Mtikiso utokeao kwa mwendo fulani tu, ukazidi ukatoweka, mara nyingi ni uzito wa gurudumu usiolingana pande zote.