Kahawa Ileile, Bei Mbili

MTANGAZAJI: Leo tunaongea kahawa, maana wengi wetu hapa kambini tumetoka penye mibuni: Kivu, Ngozi, Kayanza.

Kwa miaka mingi wakulima wa Minova na kisiwa cha Idjwi walimenya kahawa nyumbani na kuianika chini. Ilibeba harufu ya udongo, na mnunuzi akatoa bei ndogo. Basi wengine wakaivusha Ziwa Kivu usiku, kwa mitumbwi, kwenda kuuza Rwanda. Ziwa likichafuka, mtumbwi unazama. Idjwi kuna wajane ambao waume zao waliondoka na magunia, hawakurudi.

Mibuni ya ng'ambo ilikuwa ya aina ileile. Kilichozidi ni vituo vya kuoshea kahawa. Mwaka 2000 Rwanda ilikuwa navyo vichache sana. Miaka 10 baadaye vilikuwa vimepita 100.

Kituoni kazi inakwenda hivi. Wanapokea tunda jekundu tu, siku ileile lilipochumwa, kwa sababu likilala kwenye gunia linachacha. Wanalitia majini: lililoliwa na wadudu linaelea, linaondolewa. Mashine inamenya ganda. Punje zinalazwa kwenye matangi mpaka ulenda ulegee, zinaoshwa kwa maji safi, kisha zinaanikwa juu ya vichanja vya wavu wiki mbili hivi, mpaka unyevu ubaki kama asilimia 12. Akina mama wanachambua punje mbovu kwa mikono.

Wakulima wa Minova walianzisha ushirika wao, SOPACDI, mwaka 2003, na baadaye wakajenga kituo chao. Kahawa yao imewahi kuuzwa Ulaya kwa jina lake yenyewe.

Lakini jengo peke yake halitoshi. Ushirika usipokuwa na fedha taslimu wakati wa mavuno, mkulima mwenye karo ya mtoto atamwuzia mchuuzi tu. Na maji machafu ya kituo yakiachwa yaingie mtoni, jirani wa chini ndiye anayeumia.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku ukirudi kwenu, kabla hujashusha kikapu uliza mambo matatu: Mizani naiona? Risiti napata? Kahawa ikiuzwa vizuri, kuna malipo ya pili? Wakikujibu bila kuzunguka, shusha kikapu.

Tukutane wiki ijayo.