Nani analipa bili ya hospitali za misheni Kongo?

Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliivamia hospitali ya Lemera, milimani Kivu Kusini, wakaua wagonjwa vitandani pamoja na wauguzi waliokuwa zamu. Hospitali hiyo ilijengwa na wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden. Mganga mkuu wake, Dkt. Denis Mukwege, alipona kwa sababu siku hiyo hakuwepo. Mwaka 1999 alianza upya katika hospitali ya Panzi, pembeni mwa jiji la Bukavu, chini ya CEPAC, kanisa lililotokana na misheni hiyohiyo ya Wapentekoste. Alikusudia kuwahudumia wajawazito, lakini mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa kisha akapigwa risasi. Wengine kama yeye walifuata kwa maelfu.

Mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na tangu hapo Panzi inatajwa kwa heshima duniani kote. Heshima hiyo inaistahili, ila haijazi dizeli kwenye jenereta wala hailipi mshahara wa nesi wa zamu ya usiku. Mzigo huohuo unazielemea hospitali nyingine za makanisa mashariki mwa Kongo, ambazo hazina tuzo yoyote na majina yake hayavuki mpaka.

Mzigo huo una historia ndefu. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo. Wabelgiji walifundisha wauguzi na wasaidizi wa tiba, wakaishia hapo. Miaka minne baadaye, katika uasi wa wapiganaji walioitwa Simba, wamisionari wengi waliuawa au wakakimbia. Dkt. Paul Carlson, Mmarekani aliyekuwa akitibu watu mahali paitwapo Wasolo, alipigwa risasi Stanleyville, Kisangani ya leo, Novemba 1964. Dkt. Helen Roseveare, Mwingereza, alishikwa mateka na kuteswa miezi kadhaa, kisha mwaka 1966 akarudi Kongo kufundisha wauguzi katika hospitali ya misheni ya Nyankunde. Kazi hiyo ya kufundisha ndiyo iliyookoa wengi kuliko nyingine zote, maana kila wageni walipoondoka, wodi zilibaki mikononi mwa wauguzi wa Kikongo.

Serikali ya Mobutu ilipoigawa nchi katika kanda za afya, hospitali nyingi za misheni zilifanywa hospitali kuu za rufaa za kanda hizo. Kanisa likakubali. Likabeba jukumu la wagonjwa wote wa eneo, chanjo, taarifa za magonjwa na ukaguzi wa zahanati, lakini fedha za kufanyia hayo hazikufika. Tangu hapo anayelipa zaidi ni mgonjwa mwenyewe.

Na mgonjwa huyo ni nani? Ni mkulima wa muhogo aliyekimbia shamba lake mara tatu. Mkewe akipasuliwa ili ajifungue, bili inazidi kila alichonacho. Hospitali nyingi Kongo, za kanisa na za serikali, zimezoea kumzuia mama na mtoto wake hadi ndugu walete fedha. Najua hesabu inayomsukuma mkurugenzi kufanya hivyo: asipokusanya, mwezi ujao hana glavu wala uzi wa kushonea. Lakini kumfungia mzazi kwa sababu ya umaskini wake ni kosa, na nyumba iliyojengwa kwa jina la Kristo ilipaswa kuwa ya kwanza kuliacha.

Juu ya umaskini kuna bunduki. Hospitali ya misheni hutibu kila anayeletwa bila kuuliza kabila lake wala kundi alilopigania, na msimamo huo umeigharimu damu. Septemba 2002, Nyankunde, katika Ituri, wanamgambo waliingia wakiwasaka watu wa makabila ya Wahema na Wabira wodi kwa wodi. Waliouawa hospitalini na mjini katika siku zile walipita 1,000. Dawa na vifaa viliporwa. Wafanyakazi na wagonjwa walioweza kutembea walishika njia ya msituni kwa siku kadhaa hadi upande wa Beni, na hukohuko wakaendelea kutibu watu. Baadaye walirudi, wakaifungua tena hospitali yao.

Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Hospitali ya Ndosho ya kanisa la Kibaptisti la CBCA, Goma, ilifurika majeruhi hadi wakalazwa sakafuni. Uwanja wa ndege ulifungwa. Benki nazo zilifungwa, kwa hiyo hata mishahara iliyokuwepo haikuweza kuchukuliwa. Miezi hiyohiyo Marekani ilikata misaada yake ya afya. Huko kukatwa kusimshangaze mtu: misaada ya Marekani ilisimama pia baada ya askari kupora Kinshasa mwaka 1991. Huduma ya afya inayotegemea bajeti ya nchi nyingine hupotea siku watawala wa nchi hiyo wanapobadili mawazo.

Kwetu Tanzania kuna mfano unaoweza kujadiliwa. Pale hospitali ya kanisa inapobeba jukumu la wilaya, serikali huiteua kwa mkataba, ikalipa watumishi na kuchangia dawa, huku kanisa likiendesha. Ruzuku huchelewa na malalamiko hayaishi, lakini wajibu umeandikwa, na askofu ana karatasi ya kudai nayo.

Serikali ya Kinshasa iingie mikataba ya namna hiyo na makanisa yake, kisha iitimize kwa kulipa mishahara hadi Bukavu na Goma, kwa kuwa mgonjwa aliye chini ya waasi bado ni raia wa Kongo. Makanisa yetu ya Afrika Mashariki, yenye madaktari na vyuo vya uuguzi, yapeleke walimu na kupokea wanafunzi kutoka Kivu na Ituri. Na wenye bunduki wa pande zote wakae nje ya geti la hospitali.